Njia ya Pyongyang kupitia Moscow na Beijing



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya siasa ya nchi za nje ya taifa lililogawanyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yalikuwako mataifa manne mashuhuri ya namna hiyo: Ujerumani, Vietnam, Uchina na Korea. Vietnam iliunganishwa kwa mtutu wa bunduki, vita vikaisha mwaka 1975. Ujerumani iliungana mwaka 1990 bila risasi kulia. Uchina na Korea zingali zimegawanyika mpaka hivi leo. Mimi nimechagua Korea, na hasa jitihada ya Korea ya Kusini ya kutafuta urafiki na nchi za Kikomunisti kati ya mwaka 1988 na 1992. Jitihada hiyo iliitwa Siasa ya Kaskazini. Nimeichagua kwa sababu ni mfano wa ushindi mkubwa wa kidiplomasia ambao haukuleta kile kilichokusudiwa. Ushindi wa namna hiyo hutufundisha mengi kuliko kushindwa kwenyewe.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi Korea ilivyokatwa vipande viwili. Kwa miaka 35, kuanzia 1910, Wakorea walitawaliwa na Wajapani. Siku za Agosti 1945, Japani ilipokuwa inaanguka, maafisa wawili wa jeshi la Marekani waliketi usiku mmoja mjini Washington mbele ya ramani, wakachagua mstari wa nyuzi 38 uwe mpaka kati ya eneo la majeshi ya Urusi na eneo la majeshi ya Marekani. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mpaka unaochorwa usiku na wageni. Ila wenzetu wa Korea walikuwa taifa moja, lenye lugha moja na dola moja, kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya usiku huo.

Mwaka 1948 zikazaliwa serikali mbili: ya Kusini tarehe 15 Agosti, ya Kaskazini tarehe 9 Septemba. Kila moja ilidai kuwa ndiyo pekee yenye haki ya kuwasemea Wakorea wote. Tarehe 25 Juni 1950 vita vikaanza, na mamilioni ya watu walikufa au kujeruhiwa. Mapigano yalisimamishwa tarehe 27 Julai 1953 kwa mkataba wa kijeshi tu. Mkataba wa amani haukupata kutiwa sahihi hata leo. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hiyo yamhusu mgeni anayedhani ugomvi wa ndugu utadumu. Lakini huko Korea wageni hawakwenda kulima. Walikaa na silaha zao, na ugomvi ukageuka kuwa sheria ya maisha.

Sasa, ndugu zangu, tutazame silaha moja isiyotoa moshi. Silaha hiyo ni kutambuliwa. Taifa likigawanyika, kila upande huhesabu balozi zake kama mfugaji ahesabuvyo ng'ombe jioni. Ujerumani ya Magharibi ndiyo iliyoifanya silaha hiyo kuwa kanuni. Tangu mwaka 1955 ilishika msimamo uliojulikana kwa jina la Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani ya Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya tendo lisilo la kirafiki.

Kanuni hiyo haikuwa jambo la mbali kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar. Muungano ulipofanyika, serikali ya Bonn ilitaka Wajerumani wale waondolewe kabisa. Mwaka 1965 Tanzania ikaamua waruhusiwe kuwa na ofisi ya konsuli mjini Dar es Salaam, pasipo kuwatambua kuwa dola kamili. Bonn ikawaondoa mara moja wataalamu wake wa kijeshi waliokuwa wakitufundishia. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba kama msaada una kamba shingoni, basi na uchukuliwe wote. Hatua ile ilitugharimu, lakini kanuni ilijulikana: hatutachaguliwa marafiki, wala hatutachaguliwa maadui.

Korea zote mbili zilipigana vita hivyo hivyo, na uwanja wao mkubwa ulikuwa Afrika. Kenya na Uganda zilianza uhusiano na Seoul mapema katika miaka ya 1960. Tanzania ilianza uhusiano na Pyongyang mwaka 1965, na Mwalimu akaizuru nchi hiyo mwaka 1968. Mwaka 1975, Korea ya Kaskazini ilikubaliwa kuingia katika kundi la nchi zisizofungamana na upande wowote, na ombi la Kusini likakataliwa. Mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa siku moja maazimio mawili juu ya Korea, moja likipendelea Kusini na jingine Kaskazini. Hicho ndicho kilele cha upuuzi wa vita vya kuhesabu balozi. Dunia nzima ilipiga kura mara mbili, na hakuna mama hata mmoja wa Kikorea aliyemwona mwanawe ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya kura hizo.

Lakini mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Huko Ulaya, Willy Brandt alishika uongozi wa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1969, akaitupa kanuni ya Hallstein. Alizungumza na Moscow, na Warsaw, kisha na ndugu zake wa Mashariki. Mwaka 1973 Ujerumani mbili ziliingia pamoja katika Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo, tarehe 23 Juni, Rais Park Chung-hee wa Korea ya Kusini, mtawala mkali aliyewachukia Wakomunisti kwa dhati, alitangaza kwamba nchi yake ingefungua milango kwa nchi zenye itikadi tofauti, na isingepinga Korea zote mbili kuingia Umoja wa Mataifa. Kaskazini ilikataa, ikasema kwamba hiyo ni kuufanya mgawanyiko udumu milele.

Kwa miaka kumi tangazo lile lilibaki maneno matupu. Tarehe 5 Mei 1983 ikatokea ajali ya kisiasa isiyotarajiwa. Ndege ya abiria ya Uchina ilitekwa nyara ikatua Chuncheon, Korea ya Kusini. Uchina ilimpigania Kaskazini katika vita, na haikuitambua serikali ya Seoul. Hata hivyo ililazimika kutuma ujumbe Seoul kuzungumzia abiria na ndege yake, na kwa mara ya kwanza majina rasmi ya nchi hizo mbili yakaandikwa katika hati moja. Mwezi uliofuata, Waziri wa Nchi za Nje wa Kusini, Lee Bum-suk, alitangaza hadharani kwamba kazi kubwa ya diplomasia ya nchi yake ni siasa ya kuelekea Kaskazini, yaani kujenga uhusiano na Urusi na Uchina.

Yatazameni yaliyofuata, mpate kuelewa ugumu wa njia yenyewe. Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya kivita ya Kirusi iliiangusha ndege ya abiria ya Korea ya Kusini, watu 269 wakafa. Tarehe 9 Oktoba, bomu lililotegwa na watu wa Kaskazini lililipuka mjini Rangoon, Burma, likawaua mawaziri kadhaa wa Kusini. Lee Bum-suk mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mtu aliyeipa siasa hiyo jina lake hakuiona ikitembea.

Aliyeitembeza alikuwa Roh Tae-woo, aliyeshika urais mwezi Februari 1988. Huyu hakuwa mwanamapinduzi wala mpenda amani wa kuzaliwa. Alikuwa jenerali aliyeshiriki katika kunyakua madaraka kwa nguvu mwaka 1979, na baadaye, mwaka 1996, alihukumiwa kifungo na mahakama za nchi yake kwa mambo hayo na kwa rushwa, kisha akasamehewa mwaka 1997. Alifariki mwaka 2021. Nasema haya kwa sababu historia mara nyingi huwatuma watu wasiotazamiwa. Chuki yake kwa Ukomunisti ilijulikana sana hata hakuna aliyeweza kumshitaki kwamba ameiuza nchi.

Tarehe 7 Julai 1988 Roh alitoa tangazo lenye mambo sita. Alisema watu wa Kusini na Kaskazini watembeleane. Jamaa waliotenganishwa wasaidiwe kuonana. Biashara kati ya pande mbili ihesabiwe kuwa biashara ya ndani ya taifa moja. Marafiki wa Kusini wasizuiliwe kufanya biashara isiyo ya kijeshi na Kaskazini. Mashindano ya kudhalilishana mbele ya mataifa yakome. La sita ndilo lililokuwa kiini: Kusini itaisaidia Kaskazini kupata uhusiano mwema na Marekani na Japani, na yenyewe itatafuta uhusiano na Urusi, Uchina na nchi nyingine za Kikomunisti. Likumbukeni hilo la sita, maana nitalirudia.

Miezi miwili baadaye ilifunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini Seoul. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, pamoja na Tanzania, hazikwenda Montreal kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Mwaka 1980 Marekani ilisusia Moscow, na mwaka 1984 Urusi ikasusia Los Angeles. Seoul ilikusanya nchi karibu 160. Kaskazini ilikataa kwenda, na wachache, kama Cuba na Ethiopia, wakaiunga mkono. Lakini Urusi, Uchina na Ujerumani ya Mashariki walikwenda. Raia wa nchi hizo waliokuwa wakielezwa kwamba Seoul ni kijiji cha vibaraka waliona kwa macho yao viwanda, barabara na meli.

Nchi ya kwanza ya Kikomunisti kuvuka ilikuwa Hungaria. Siku chache kabla ya michezo ilikubali kubadilishana ofisi za kudumu, na tarehe 1 Februari 1989 ikaanzisha uhusiano kamili. Je, ilivutwa na hoja za kifalsafa? La, hasha. Hungaria ilikuwa imezama katika madeni, na Korea ya Kusini ilitoa mikopo ya mamia ya mamilioni ya dola. Mkono mtupu haulambwi. Baada ya hapo mlango ukasukumwa wazi: Poland Novemba 1989, Yugoslavia Desemba, kisha Chekoslovakia, Bulgaria, Mongolia na Rumania, zote katika mwezi wa Machi 1990.

Urusi ilikuwa ndiyo shabaha kubwa. Tarehe 4 Juni 1990 Roh alikutana na Gorbachev mjini San Francisco. Mwezi wa Septemba, Waziri wa Nchi za Nje wa Urusi, Shevardnadze, alikwenda Pyongyang kupeleka habari hiyo chungu. Kim Il-sung alikataa kumwona, na wenyeji wake wakamwambia kwamba kama Urusi itawaacha, basi wao hawatakuwa tena na sababu ya kujizuia kutengeneza silaha fulani. Tarehe 30 Septemba 1990 uhusiano wa Moscow na Seoul ukaanza. Mwezi wa Januari 1991 Seoul ikaahidi mkopo wa dola bilioni 3. Karibu nusu yake ilikuwa imekwisha kutolewa wakati dola ya Kisovieti ilipovunjika, na sehemu ya deni hilo ililipwa baadaye na Urusi kwa vifaru na silaha nyingine.

Uchina ilikwenda kwa mwendo wake. Mwaka 1991 iliieleza Pyongyang kwamba haitatumia kura ya turufu kuizuia Seoul kuingia Umoja wa Mataifa. Kaskazini, iliyoupinga mpango huo kwa miaka 18, haikuwa na la kufanya ila kuomba nayo. Tarehe 17 Septemba 1991 bendera mbili za Korea zilipandishwa pamoja New York. Tarehe 24 Agosti 1992 Beijing na Seoul zikatia sahihi uhusiano wa kibalozi. Siku hiyo Seoul iliukata uhusiano wake na Taiwan, rafiki wa zaidi ya miaka arobaini, baada ya kuiarifu kwa muda mfupi mno. Taifa moja lililogawanyika lilimwacha mwenzake aliyegawanyika, ili lipate njia. Desemba 1992 ikafuata Vietnam, ambako askari wapatao 320,000 wa Korea ya Kusini walikuwa wamepelekwa kwa zamu kupigana upande wa Wamarekani.

Kwa hesabu ya balozi, basi, huu ulikuwa ushindi usio na mfano. Kwa hesabu ya fedha pia: kufikia mwaka 2004 Uchina ilikuwa imekwisha kuwa mshiriki wa kwanza wa Korea ya Kusini katika biashara, na mwaka 2022 biashara kati yao ilizidi dola bilioni 300. Hata Cuba, rafiki wa kudumu wa Pyongyang, ilianzisha uhusiano na Seoul tarehe 14 Februari 2024.

Lakini Siasa ya Kaskazini haikukusudiwa iishie Moscow na Beijing. Miji hiyo ilikuwa njia, na mwisho wa safari ulikuwa Pyongyang. Kwa muda mfupi ilionekana kama kwamba safari ingefika. Mawaziri wakuu wa pande mbili walianza kukutana Septemba 1990. Tarehe 13 Desemba 1991 walitia sahihi mapatano ya kupatana, kutoshambuliana na kushirikiana. Yakafuata mapatano ya kuifanya Korea yote isiwe na silaha za nyuklia. Marekani iliziondoa silaha zake za nyuklia kutoka Kusini, na mazoezi makubwa ya kijeshi ya mwaka 1992 yakafutwa.

Kisha yote yakakauka. Mwezi wa Machi 1993 mazoezi yalikuwa yamerudi, na tarehe 12 ya mwezi huo Kaskazini ikatangaza kwamba itajitoa katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Ilisimamisha hatua hiyo kwa muda, ikajitoa mwaka 2003, na tarehe 9 Oktoba 2006 ikalipua bomu lake la kwanza. Kwa nini?

Hapa ndipo narudi kwenye jambo la sita. Ahadi ilikuwa ya pande mbili: Moscow na Beijing ziitambue Seoul, na Washington na Tokyo ziitambue Pyongyang. Nusu ya kwanza ilitimizwa katika miaka minne. Nusu ya pili haijatimizwa hata leo. Marekani ilikubali mazungumzo madogo ya ngazi ya washauri wa ubalozi mjini Beijing. Japani ilianza mazungumzo mwaka 1991, yakakwama mwaka uliofuata. Mizani ikalala upande mmoja. Kusini ilipata marafiki wa adui yake. Kaskazini ilipoteza wake, haikupata badala. Tangu mwaka 1991 Warusi walitaka fedha za kigeni kwa mafuta na mitambo waliyokuwa wakiyatoa kwa masharti nafuu. Mashamba na viwanda vya Kaskazini vikadhoofika, na katikati ya miaka ya 1990 njaa kali ikawaua watu wengi.

Sisemi haya kumtakasa Kim Il-sung wala warithi wake. Serikali iliyotega bomu Rangoon, na mwaka 1987 ikalipua ndege ya abiria yenye watu 115, haikulazimishwa na mtu kufanya hivyo. Wala haikulazimishwa kutumia mali ya nchi katika makombora wakati wananchi wanakula majani. Marekani na Japani nazo zilikuwa na madai yao, hasa juu ya mitambo ya nyuklia ya Yongbyon. Lakini mwanasiasa mwenye busara hupima si haki tu, bali na matokeo. Mtu aliyezungukwa na milango iliyofungwa hatafakari juu ya mapatano. Hutafuta rungu.

Kulikuwa na dosari ya pili, na hii ilikuwa ya Seoul yenyewe. Mwezi wa Januari 1989 tajiri Chung Ju-yung wa kampuni ya Hyundai alikwenda Kaskazini kwa idhini ya serikali. Mwezi wa Machi mchungaji Moon Ik-hwan alikwenda Pyongyang bila idhini. Aliporudi alitiwa jela. Mwezi wa Julai mwanafunzi Lim Su-kyung alikwenda kwenye tamasha la vijana la dunia huko huko Pyongyang, akarudi kwa miguu kupitia Panmunjom. Naye alitiwa jela. Basi tajiri aliweza kwenda, na rais aliweza kukumbatiana na Gorbachev, lakini raia aliyemwendea ndugu yake alihesabiwa mhaini. Serikali ilitaka umoja uwe mali yake, ipange nani azungumze na nani. Umoja wa taifa hauwezi kuwa siri ya ofisi ya rais. Willy Brandt alianza na mambo madogo: ruhusa za kutembelea jamaa, barua, simu, barabara. Mambo hayo madogo yaliwafanya Wajerumani wa pande mbili wabaki wanafahamiana. Wakorea wa kawaida hawakupewa nafasi hiyo kwa kadri ya kutosha, na wazee waliotenganishwa na jamaa zao wamezidi kufa bila kuonana.

Ndugu Mwenyekiti, tunajifunza nini?

Kwanza, siasa ya nje iliyo imara huanzia kwa kumtazama adui kama alivyo. Seoul ilipoacha kujidanganya kwamba Moscow na Beijing zitatoweka, ndipo ilipopata nguvu.

Pili, urafiki ulionunuliwa huleta balozi, hauleti uaminifu. Mwezi wa Juni 2024 Urusi hiyo hiyo iliyokopeshwa na Seoul ilitia sahihi mkataba wa kusaidiana kijeshi na Pyongyang, na mwaka huo huo askari wa Korea ya Kaskazini wakapelekwa kupigana upande wa Warusi katika vita vya Ukraine. Anayekuja kwako kwa haja hurudi alikotoka haja ikiisha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mapatano ya pande mbili yakitekelezwa upande mmoja huzaa hatari mpya. Mwisho wa mwaka 2023 Kim Jong-un alitangaza kwamba Kaskazini haiwahesabu tena watu wa Kusini kuwa ndugu wa kuungana nao, bali dola ya uadui. Mstari uliochorwa na wageni katika usiku mmoja wa mwaka 1945 umepata sasa mtetezi wa Kikorea.

Nchi zetu ndogo haziwezi kuwaunganisha Wakorea. Lakini Tanzania, iliyokuwa na Pyongyang tangu 1965, ilianza uhusiano na Seoul mwaka 1992 bila kumfukuza rafiki wa zamani. Huo ndio msimamo tulioutetea mbele ya Bonn mwaka 1965, nao ungali na thamani: kuzungumza na nyumba zote mbili, na kukataa kuwa fimbo ya ndugu mmoja dhidi ya mwingine. Siku ile watakapotaka kupatana, watahitaji watu waliokwisha kusikiliza pande zote mbili. Heri tuwe miongoni mwao.